Kadi ya Wati Sabini na Tano

Laki nne na elfu ishirini za tugrigi:
nimezihesabu kwa vidole ndani ya mfuko wa koti,
bila kuzitoa, maana nje ni nyuzi thelathini chini ya sifuri
na upepo wa Ulaanbaatar haumuulizi mtu noti ni ya nani.

Ghorofa ya tatu. Kabati za vioo, vijana wa mauzo.
Wanaona mwanamke wa miaka arobaini na moja,
sare ya duka la nyama ikichungulia chini ya koti.
"Mama, unamnunulia mwanao?"
Najinunulia.
Wakacheka,
kisha wakaacha kucheka nilipotoa utepe wa fundi cherehani
nikawaambia: isizidi sentimita ishirini na moja,
pale mbele kuna diski, na ile diski siing'oi.

Kijana aitwaye Dashnyam alileta kwanza jitu lenye feni tatu,
akalilaza kwenye kitambaa kama mtoto aliyetoka kuogeshwa.
Bei ileile, alisema, nguvu mara mbili.
Nikalinusa. Vumbi lililoungua.
Hili lilichimba sarafu usiku na mchana kwenye banda lisilo dirisha;
feni ya kati ukiizungusha inakwaruza kama koo la mvutaji.
Tena linataka wati mia mbili na hamsini,
na kisanduku changu cha umeme kina mia tatu tu, za kugawana wote.
Mimi ya rahisi nayajua:
unanunua ng'ombe, kisha zizi, kisha malisho,
mwisho unalala njaa na ng'ombe anakutazama.

Ipo mpya, yenye waranti, gigabaiti nne.
Ipo iliyotumika, gigabaiti sita, haina boksi, haina hata skrubu.
Nne zinatosha leo. Sita zitatosha mpaka lini?
Dashnyam alikuna kichwa, akasema hajui,
na hapo ndipo nilipoanza kumwamini.

Sikumweleza habari za Otgon.
Otgon, jina lenyewe maana yake kitinda mimba,
anachomelea milango ya magari huko Incheon, mwaka wa tatu sasa,
na Jumamosi usiku tunakutana kwenye gemu, katika bonde
ambalo kwake lina nyasi. Kwangu lina rangi ya kijani.
Fremu kumi na moja kwa sekunde, siku ikiwa njema.
Ananiambia, "Dada, twende," namwona mlangoni,
kisha namwona mtoni.
Katikati hayupo.

Ajikuna ajipatapo. Nikachagua ile ndogo iliyotumika,
feni moja, wati sabini na tano,
inayokunywa umeme wa ubao-mama bila waya wa pembeni,
mgeni anayekula kilichopo.
Dashnyam alinipunguzia elfu kumi,
na kwa kuwa boksi hakuna, akaitia ndani ya soksi mpya.

Nyumbani niliiacha saa nzima izoee joto, isije ikatoa jasho.
Nilikaa nayo mezani, sijavua viatu.
Ilipoingia kwenye ufa wake ilisema *tk*.
Skrini ikabaki nyeusi
muda wa kutosha kujuta mara tatu.
Kisha ikawaka.

Jumamosi. Nyasi zipo, kila jani na kivuli chake chembamba.
Otgon akasema, "Dada, twende,"
akaenda, nami nikamwona njia nzima:
kumbe hutembea kinyumenyume,
uso kwangu,
kutoka mlangoni mpaka mtoni, akijigonga kwenye mawe.

"Tangu lini unatembea hivyo?"

"Tangu mwanzo," akasema. "Si nakungoja?"