Dakika Mbili

Miezi mitatu ya mwanzo sikupiga mtu.
Nilifua bandeji.
Nilizifua mtoni Gyaing kwa sabuni ya mche
hadi maji yakaacha kuwa mekundu,
nikazianika kwenye uzio wa monasteri,
zikapepea mchana kutwa
kama nepi za mtoto asiyekua.

Saw Tha Wah, mwalimu, kazi yake ni kuziba pancha.
Sikio lake la kushoto halisikii;
kiwiko cha mtu wa Mawlamyine
kililifunga mwaka niliozaliwa mimi.
Hutafuna tambuu, hutema, husema:
"Ngumi ni kitindamimba.
Kwanza uwajue kaka zake."
Nikawajua. Goti. Kiwiko. Kisigino.
Na yule wa tisa, paji la uso,
ambalo kwingine sheria hulikataza
na sisi twalitumia kama nyundo.

Akanifundisha kukunja mkono wa kushoto kama bawa,
kiganja cha kulia kishuke pale penye msuli:
pa!
Ndivyo unavyomwita mtu ulingoni
bila kumtukania mama.
Changu kililia kama donge la unga
likidondoka sakafuni.
Wagemaji mpira walicheka,
mmoja akamwaga utomvu wa asubuhi nzima.
Nikawa najifungia chooni,
napiga, nasikiliza, napiga.

Kisha likaja somo nisilolitarajia:
kumwamsha mtu.

"Akizimika, ana dakika mbili. Mara moja tu.
Maji kisogoni, usimzamishe pua.
Finya ndewe ya sikio.
Mwite kwa jina la nyumbani, lile la mama yake;
la jukwaani halijui njia ya kurudi.
Akifumbua macho, muulize: unaendelea?"

Nilijifunzia kwa gunia la mpunga.
Nililimwagia maji, nikalifinya pembe,
nikaliita Hsa Gay, jina la kaka yangu.
Mpunga ukaota. Mama alinitafuta na fimbo.

Sherehe ya mwezi mpevu wa Tabaung:
mchanga umemwagwa nyuma ya pagoda,
zumari linakoroma, ngoma zinamwandama,
watoto wamepakwa thanaka mashavuni
na juu ya mabega ya baba zao wanakula miwa.
Kaka alicheza ile ngoma ya kuingilia
taratibu, kama mtu anayetafuta funguo gizani.
Raundi mbili zilikuwa zake.
Ya tatu, lile paji la uso
la kijana mfupi kutoka Myawaddy.

Sikusikia pigo. Niliona tu magoti
yakisahau kazi yao.

Dakika mbili.
Maji kisogoni. Ndewe. Hsa Gay.
Hsa Gay.
Shingo yake ilikuwa nzito kuliko gunia,
na haikuota chochote.
Ngoma zilisimama, nikamsikia muuza karanga
akihesabu chenji.
Hsa Gay, nikasema, mvua inanyesha, nguo ziko nje.

Akafumbua macho. Jicho moja kwanza.
"Raundi ya ngapi?"

Nilijua swali langu. Nilikuwa nimelikariri.
Watu elfu moja walikuwa wameshika pumzi na pesa zao.
"Zimekwisha," nikamwambia. "Umeshinda. Twende."
Akatabasamu, damu ikimpita katikati ya meno.

Mwamuzi akainama: "Anaendelea?"
Nikamtazama mwalimu.
Yeye alikuwa amenisikia, najua alinisikia,
lakini polepole, kama mtu anayegeuza godoro,
akanigeuzia lile sikio la kushoto
na kutupa taulo mchangani.

Hsa Gay hakusema nami hadi mvua za kwanza.
Siku hizi anagema miti mia nne kabla ya jua,
na akisahau jina la mti
au la binti yake,
hucheka, hujipiga kofi pajani, husubiri lije.

Bado nafua bandeji; sasa nyingine ni zangu.
Nikimuudhi hukunja mkono kama bawa,
hushusha kiganja.
Pa!
Mpaka leo, yake yalia vizuri kuliko yangu.