Duara la Makaa

Kila Desemba bucha ya Nyalenda hutugawia kalenda:
picha ya fahali, bei ya matumbo,
na siku za taifa kwa wino mwekundu.
Nyanya Turfena huitundika kando ya mlango
kisha huokota kipande cha kaa jikoni.

Ishirini na tano Oktoba. Duara.
Siku tano tu baada ya Mashujaa.

Mwaka ule gwaride lilipoletwa Kisumu
hata mawe ya barabarani yalipakwa chokaa.
Niliimba na kwaya ya shule, soksi za kuazima,
na Nyanya akapiga makofi mpaka kitambaa kikamdondoka.
Hana ugomvi na bendera.

Usiku nikamuuliza, akichambua omena:
"Hii yako ni sikukuu gani, isiyo na gwaride?"

"Hospitali ilikuwa ikifunguliwa.
Nilikuwa nimemnunulia Ogweno viatu, vya kwanza, vya buluu.
Watoto walisogezwa mbele wapate kuona."

Mchanga ukabaki kwenye ungo.

"Vilirudi?"

"Kimoja."

Mwaka huu mkono wake unatetemeka;
kaa amenipa mimi.
Nimechora vibaya. Duara halikukutana,
lina mwanya upande wa ishirini na sita.
Nikalowesha kidole nilifute.

"Liache," akasema.
"Ukiziba hapo, mtoto atapitia wapi?"