Karibu Kiti

Wamekuja wamama wa kanisa, Kadutu nzima nadhani,
na kila mmoja: "Baba Cirhuza, mbona hukai?"
Nimesimama, nimeegemea cherehani
kama mlinzi wa benki.
Miaka ishirini na miwili juu ya kigoda hiki
nikishona sare za watoto wa wengine,
sikujua kukaa ni mali.

Nsimire haniulizi.
Asubuhi beseni, maji ya uvuguvugu, chumvi.
Najitumbukiza humo mvua ikipiga mabati
na maumivu yanafumuka polepole, uzi kwa uzi.
Kisha papai. Kisha lengalenga. Fufu, kidogo tu.
Maji. Kunywa tena, kunywa.

Siku ya nne nilikwenda chooni,
nikarudi nikilia na kucheka,
naye akapiga vigelegele kwa sauti ya chini,
majirani wasiulize tumezaa nini.

Jana nimejishonea mto wa duara,
vipande vya kitenge, tundu katikati.
Nimeteremka juu yake taratibu
kama mtu anayeingia ziwani alfajiri.
Mwenye pikipiki akapita, akapiga honi:
"Fundi! Siku hizi unakaa wapi?"

"Hapa," nikamwambia.
"Nakaa hapa."