Jino na Pengo

Mkufunzi wa mgambo alituambia, mwaka wa sabini na nane,
tumelala kifudifudi kwenye kokoto za Masasi:
jino la mbele likae ndani ya pengo la nyuma,
kisha mnyama, au adui, akalie jino.
Vitu vitatu, mstari mmoja, pumzi nusu.
Nililipata debe mara nne kwa tano.
Wanaume wakasema ni upepo.

Sasa nina miaka sitini na sita
na vile vitu vitatu havisemeshani.
Nikivaa miwani ya mnadani,
elfu tano, mkono mmoja umefungwa uzi,
jino nalihesabu hadi kutu,
ila nguruwe aliyemo mihogoni anakuwa moshi.
Nikiivua, nguruwe namwona mpaka mkia unavyocheza,
na jino limeyeyuka,
pengo limeota manyoya.
Jicho langu lina kiti kimoja
na wageni wamekuja watatu.

Misimu miwili nimepiga mawingu.
Gobole la marehemu Mchopa, kijiko cha baruti,
goroli, fataki, kishindo,
bega linauma hadi adhuhuri,
na asubuhi mkorosho una kidonda kipya
na matuta saba yamefukuliwa.
Mjukuu wangu Nurudini hunishikia tochi.
Hacheki.
Angecheka ningepumua.

Kliniki ya macho, Ndanda, Nesi Telesfora
alinipa kijiko cheusi chenye vitundu:
ziba jicho moja, hili litazame humu, soma.
Herufi zilizokuwa zinatambaa kama mchwa
zikasimama foleni.
"Ukiona kwa tundu, jicho bado lipo," akasema,
akaniandikia miwani ya elfu tisini.
Karatasi nikaifunga kwenye pindo la kanga.
Fedha ya korosho ilikuwa bado haijaingia.
Lakini tundu,
tundu haliuzwi.

Nikakata boksi la Panadoli,
nikalichoma kwa pini,
nikalibandika kwa plasta kwenye kioo cha kulia.
"Bibi," akasema Nurudini, "umekuwa kama redio iliyofunguliwa na fundi, akaondoka."
Usiku ule sikuona kitu. Tundu linataka nuru.
Tukazima tochi, tukakaa kwenye dungu,
tukamsikiliza akitafuna jasho letu
taratibu, kama mtu aliyealikwa.

Kulipopambazuka, yeye ndiye aliyechelewa.
Tumbo limemzidi, anajikokota kuelekea korongoni.
Nikainua mtutu.
Jino likaja. Pengo likaja.
Nguruwe akaja akakaa juu yao,
si wakali kama ujanani, wote wana ukungu kidogo,
ila wanafahamiana.
Pumzi nusu.

Alianguka tuta la tatu.
Mimi simli. Sixtus Mkwinda akafika na baiskeli,
akamfunga kwa mpira wa tairi,
akaniahidi siku mbili za palizi,
akaondoka anapiga mluzi.

Nikakaa kizingitini nikiwa nimeisahau miwani usoni.
Stakabadhi ya korosho ilikuwa kwenye kopo la chumvi,
nikaichukua tu, kujaribu tundu.
Maandishi yale ya rangi ya chai
niliyokuwa nikisomewa na karani mwenyewe
yakasimama foleni.
Uzito: kilo mia mbili arobaini na moja.
Malipo: ya mia mbili kumi na nne.
Nne na moja wamebadilishana viti.
Nikatafuta ya mwaka juzi.
Nurudini akaniuliza, Bibi, mbona umeshika karatasi kama gobole?

Jumatatu nikaenda ghalani.
Silaha niliiacha ukutani, na baruti yake.
Karani Nannauka akaniona mlangoni,
kikongwe mwenye boksi la dawa jichoni,
akamkonyeza mpima mizani.
Nikaziweka stakabadhi mbili mezani,
nikazinyoosha kwa kiganja, moja mbele, moja nyuma,
yeye juu yake,
nikavuta pumzi nusu.