Chembe

Jenereta ya kiwanda cha barafu, nyuma ya soko la samaki Malindi,
imenyamaza miaka miwili na miezi mitatu.
Mijusi wameipangisha.
Leo injini imekubali, inanguruma,
mkanda unakwenda, moshi unatoka unavyotakiwa,
na mshale wa volti umelala juu ya sifuri
kama mtoto aliyeambiwa asithubutu kuamka.

"Imekufa," asema Bwana Shekuwe,
tayari anahesabu kwa vidole bei ya mpya.
Nyevu hamjibu. Anafuta grisi kwa kipande cha leso.
Koili alizipima jana, moja baada ya moja:
shaba haina kosa.
Kilichosahau ni chuma.

Maana chuma kikishaonja sumaku
hakirudishi yote. Hubakiza chembe,
kama udi kwenye kanzu iliyokwisha fuliwa.
Kwa chembe hiyo, rota ikizunguka,
nyaya hushtuka, hutoa mkondo mwembamba,
mkondo hukirudia chuma, hukiongezea,
chuma nacho hushtua zaidi.
Pasipo chembe, zungusha mpaka Idi:
sifuri ukiizidisha kwa kasi yoyote
ni sifuri.

Mwalimu Famau aliichora ubaoni, kidato cha tatu.
Mstari ukapanda kwa njia moja, ukashuka kwa nyingine,
katikati tumbo wazi, jani la mkungu.
"Uondoe mkondo wote, chuma hakirudi kilikoanzia.
Ukitaka kisahau, kisukume kinyume."
Darasa likacheka, sijui kwa nini.
Wiki ile Nyevu alikuwa amemzika mama,
na mkono wake kila jioni
ulikuwa ukipakua sahani tatu.

Anaazima betri ya bodaboda.
Kijana mwenyewe anasimama karibu, ana wasiwasi nayo.
Chanya kwa chanya, hasi kwa hasi;
ukikosea, chuma hujifunza kinyumenyume.
Anagusa. Cheche.
Moja, mbili, tatu.
Anaachia.

Mshale unatikisika.
Arobaini. Tisini. Unasita
(Shekuwe ameacha kuhesabu)
mia mbili na thelathini na moja.

"Sekunde tatu, Nyevu, ndizo unanidai elfu nne?"
Hasikii, au hajali.
Kiganja chake kiko juu ya ganda la mashine.
Lina joto tayari.
Lile tumbo la jani, ndilo hili:
kila mzunguko chuma hukumbuka, husahauliwa, hukumbuka,
na kila mara kuna kinachopotea
ambacho hakuna taa itakayokiwaka.

Sahani ya tatu ingali kabatini.
Ina ufa. Haijatupwa.