Kabichi za Mwaka wa Mwisho

Babu wa babu yangu alifika huku kwa miguu
kutoka Tambov, nyuma ya mkokoteni wa ng'ombe mmoja.
Walikuwa wameambiwa: Bwana atashuka juu ya Ararati
mwaka huohuo, kabla theluji haijaanguka.
Kwa hiyo Saveli hakubeba mbegu.
Nani apande, wavunaji wakiwa malaika?

Mkewe alibeba.
Agrafena alizishonea ndani ya upindo wa sketi,
mbegu za kabichi, nyeusi, ndogo kama viroboto,
akatembea nazo zikimgonga vifundo vya miguu
wiki kumi na saba
wala hakumwambia mtu.

Theluji ikaanguka.
Wakaketi juu ya mapaa na kanzu zao nyeupe,
wakaimba hadi midomo ikapasuka.
Kisha mmoja akashuka kumtazama ng'ombe,
kisha mwingine, kwa aibu, kutafuta kuni.

Theluji ilipoyeyuka, Saveli akamkuta mkewe akichimba.
"Huna imani?"
Agrafena hakunyanyua kichwa.
"Atakuwa ametoka mbali," akasema.
"Mgeni wa namna hiyo hapokewi kwa sufuria tupu."

Hayo tunasimuliana kila Oktoba,
visu mkononi, vidole vimekufa ganzi,
majani yakirundikana hadi magotini.
Mimi ni Lukeria, kizazi cha tano cha upindo ule.
Nina mapipa manne, na jiwe lake la kukandamizia,
au husemwa ni lake; mawe hayana hati.

Binamu yangu Timofei hakati kabichi mwaka huu.
Ana simu, ana daftari la hesabu:
vita hivi, jumlisha ukame ule,
gawanya kwa saba, toa miaka ya utumwa,
unapata mwezi wa Machi.
Paa lake linavuja tangu Pasaka.
"Nizibe ya nini?" huuliza,
na ndoo chini ya tundu humjibu usiku kucha.

Simcheki. Mwisho mimi nimewahi kuuona.
Nilikuwa na miaka kumi na tisa, Desemba,
natoka zizini na maziwa, ardhi ikajikunja
kama mkeka unaokung'utwa.
Nikasema: ndiyo leo. Nikasimama wima, tayari,
nikangoja tarumbeta.
Nikamsikia Hasmik, jirani, Mwarmenia,
akigonga kwa kijiko kutoka chini ya ukuta wake.
Ti, ti. Ti.
Basi nikaacha kutazama juu.
Tulichimba kwa sufuria, kwa mbao za mlango, kwa kucha,
na mkono wake ulipotokeza, mweupe kwa chokaa,
ukaushika wangu,
sikujua ni nani anamfufua nani.

Tangu hapo siwezi kusema "atakuja"
bila ulimi kuteleza ukasema "huja".

Tukishuka Yerevan kuuza, siku ya anga safi,
Ararati huonekana mzima, na kofia yake,
ng'ambo ya mpaka uliofungwa.
Uko karibu kama chumvi mezani, wala haufikiki.
Pale sokoni mimi huupa mgongo:
wateja wako upande huu.

Haya, chumvi. Kiganja kimoja, karoti,
kanda hadi kabichi ilie maji yake yenyewe,
weka jiwe, ngoja.
Si kungoja kwa mikono kifuani. Ndani ya pipa
kuna kazi, kuna mapovu na harufu,
kitu kinageuka kuwa kingine gizani,
na asubuhi unakitoboa kwa mti
kipumue.

Jana Timofei alikuja kuazima chumvi.
Hakusema ya nini. Sikuuliza.
Nilimpimia ya kumfikisha Pasaka, na zaidi kidogo.
Nikamwambia Alhamisi nitapanda na misumari
kuliziba lile tundu,
Bwana asiponitangulia juu ya paa.