Bei ya Chini

Alhamisi, Sinaw, alfajiri bado mbichi,
mbuzi wetu washateremshwa kwenye lori la Salala:
mia mbili na ishirini na moja.
Berbera walipanda mia mbili na arobaini.
Pengo hilo nalijua mmoja mmoja.
Wanne melini, kwa joto la chini ya sitaha.
Kumi na tano karantini,
siku ishirini na mbili tukingojea muhuri
kwa kuwa daktari wa kule alitia saini
kwa wino wa buluu, na huku wanataka mweusi.

Muhuri unangoja; mbuzi hangoji, anakula.
Robota la majani lilianza riali mbili,
likaishia mbili na baisa mia saba,
maana muuza majani naye ana macho,
anamwona aliyefungiwa geti.
Sikukuu ikatupita tukiwa ndani ya uzio.
Takbira tulizisikia kwenye simu ya mlinzi.

Sasa Mfungo Tatu unaishia,
kila friji ya Sharqiya imeshiba nyama.
Kaka yangu Zahran anamzungusha beberu dimbani,
kamba mkononi, dishdasha imeshaliwa pindo.
Wanunuzi wanakuja na vidole:
kidole utini, kidole nyongani,
mdomo unafunuliwa, meno yanahesabiwa.
"Msomali huyu," wanasema, kama wataja ugonjwa.
"Mifupa na safari."

Mgongo huu uliondoka kwao na nyama.
Picha ninayo. Nani ataka picha?

Tuna lugha yetu ya kufichia bei.
Mama aliileta kutoka Wete
pamoja na mbuzi wa kukunia nazi,
mbuzi pekee nyumbani kwetu asiyekula.
Zahran akaniuliza kwa pembe ya mdomo,
"Tushuke mpaka wapi?"
Nami, nikijidai natengeneza ukaya:
"Thelathini na nane. Chini ya hapo tunalia."

"Basi thelathini na nane,"
akasema bibi wa barakoa aliyechuchumaa mbele,
Kiswahili cha Chake Chake, hakina hata chembe ya mchanga.
"Wala msilie, wanangu, watu wanatazama."

Dimba zima likacheka, hata wasioelewa.
Zahran akamtazama beberu,
beberu akanitazama mimi.

Akachukua sita. Akalamba kidole, akahesabu noti,
akauliza mama yetu nani, wa mtaa gani,
akamwombea rehema, ya kweli, machozi yakamlenga.
Kisha akininong'oneza huku akifunga pochi:
"Ningefika arobaini na tano.
Lakini mmesema wenyewe."

Saba mara sita.
Riali arobaini na mbili: majani ya siku moja.

Jua limepanda, soko limetawanyika.
Mia moja na tisini wamebaki, wanatafuna.
Warsame ameleta ujumbe wa sauti kutoka Berbera.
Nilidhani ataka fedha zake; hakuzitaja.
Anauliza yule wa kahawia, mwenye pembe moja iliyovunjika,
alikuwa wa mama yake, walimpakia kwa kukosa hesabu.
Je, alifika?

Nimefungua daftari.
Lina namba za herini za plastiki,
lina uzito, lina tarehe, lina waliokufa.
Pembe halina.

Mofizul ananiita, birika limekauka.
Sijamjibu Warsame.
Naenda kwanza kufungua maji,
nitazame vichwa vikiinama.